Aliyeanguka Akiwa Mtoto

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mlevi, wala si kwa namna tuliyozoea kumtaja kanisani.

Mkipata nafasi someni kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 4 na ya 9. Mefibosheti, mjukuu wa Sauli, alikuwa na umri wa miaka 5 habari za kifo cha baba yake zilipofika nyumbani. Mlezi wake alimchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili. Watu wazima walikuwa vitani. Aliyevunjika ni mtoto.

Katika ushirika wetu yuko ndugu mmoja, fundi seremala. Tumemtenga na Meza ya Bwana mara mbili kwa sababu ya chang'aa. Mara ya pili mzee mmoja alimwuliza mbele ya kikao kama hana haya. Akajibu polepole kwamba alipokuwa mdogo baba yake alikuwa akirudi usiku na kumpiga mama yake, naye akilala chini ya kitanda akihesabu mapigo. "Hata leo," alisema, "mlango ukisukumwa usiku moyo hunidunda. Nikinywa, siusikii." Sisi tukaandika katika kitabu cha kikao kwamba hakutubu.

Baadaye tulizungumza na daktari mmoja Mkristo, naye akatueleza mambo ambayo ingalikuwa heri tuyajue mapema. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza watu wazima zaidi ya 9,000 huko San Diego. Waliwauliza kama utotoni walipigwa, walitukanwa, walinajisiwa, waliona mama akipigwa, au waliishi na mlevi, na mengine ya jinsi hiyo. Wale waliopatwa na aina 4 au zaidi za mateso hayo, hatari yao ya ulevi, ya dawa za kulevya, ya huzuni nzito na ya kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12 kuliko ya wale ambao hawakupatwa na hata moja.

Sababu moja imo kichwani. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo ni kama kengele ya hatari. Kwa mtoto anayeogopeshwa kila siku, kengele hiyo huzoea kulia hata pasipo hatari. Homoni ya hofu, kotisoli, ikizidi kwa muda mrefu, yaweza kudhuru hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu; nayo mara nyingi imeonekana kuwa ndogo katika watu wazima walioteswa utotoni. Hata sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayomwezesha mtu kujizuia, huathirika. Kisha pombe huja. Hunyamazisha kengele kwa saa chache, halafu yenyewe hupunguza ubongo katika sehemu zile zile. Hivyo ni vigumu kutambua lipi lilifanywa na baba na lipi lilifanywa na chupa.

Hatusemi kwamba kila mtoto aliyeumizwa atakuwa mlevi, maana wengi hawawi. Wala hatumwondolei ndugu yetu lawama. Ana watoto watatu, na mlango wanaousikia usiku sasa husukumwa na yeye.

Lakini daktari alituambia pia kwamba ubongo haukufungwa. Mtu akiacha pombe, sehemu ya kile kilichopungua huanza kurudi baada ya majuma na miezi. Akatuonya jambo lingine, nanyi lishikeni sana: aliyekunywa sana kwa miaka asifungiwe chumbani aache ghafla, kama tulivyowahi kufanya huku tukiimba nje. Aweza kushikwa na degedege, hata akafa. Apelekwe hospitali kwanza, nasi tuombe huko huko.

Daudi alipomwita Mefibosheti, yule mtu alikuja akiwa na hofu, akajiita mbwa mfu. Alipewa kiti mezani pa mfalme, akala hapo siku zote. Tena sura ile humalizika kwa kutukumbusha kwamba miguu yake yote miwili ilikuwa ingali na kilema. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi bila kuliona hilo. Sisi tungalimwambia atembee kwanza.

Tumeomba kikao kifungue upya lile shauri. Wazee wawili wamekataa, nasi hatuwalaumu, maana mke wa fundi alilala kwao usiku mwingi akiwa na watoto. Akina mama wa ushirika wamekubali kuwachukua watoto hao kila Ijumaa jioni, siku ya malipo. Nasi Jumamosi twaenda tena kwa fundi, kumpeleka kwa daktari. Ametuomba tufike mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, angali anaweza kutungoja.