KUHAMISHA VITABU VYA CHAMA KUTOKA DISKI MOJA HADI NYINGINE
(Hotuba kwa makatibu wa vyama vya msingi, Mwanza)



Mkulima wa pamba akishapimiwa mzigo wake hubaki na stakabadhi, na chama hubaki na daftari. Daftari likipotea, haki ya mkulima hubaki inaning'inia kwenye kipande cha karatasi. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwezi Mei 1976, vikarudishwa kwa Sheria ya mwaka 1982. Katika makabidhiano ya namna hiyo, vitabu ndivyo husema nani anadai nini.

Leo daftari limo ndani ya kompyuta. Chama chenye programu ya hesabu ya zamani, isiyokubali kompyuta mpya, huweza kuiendesha ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta nzima iliyogeuzwa kuwa mafaili na kuwekwa katika diski ya nje. Diski hiyo ikijaa au ikichakaa, hatuna budi kuhama. Utaratibu ni huu.

Kwanza, chapisheni salio la kila mwanachama, kisha zimeni kompyuta pepe kabisa. Kuisimamisha kwa muda hakutoshi, kwa sababu kazi iliyo katikati yaweza kuharibika.

Pili, kagueni diski mpya. Iliyoandaliwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili linalofikia gigabaiti 4, na faili la kompyuta pepe mara nyingi huzidi hapo. Iandaliwe kwa NTFS au exFAT ingali tupu, kwa kuwa kuandaa upya hufuta kila kilichomo.

Tatu, nakilini folda nzima, wala msihamishe faili mojamoja. Mafaili hayo hutegemeana; likikosekana moja, mengine yaweza kukataa kufunguka. Tena nakilini, msikate. Umeme ukikatika katikati ya kazi, nakala ya asili itakuwa salama. Mkimaliza, linganisheni idadi ya mafaili na ukubwa wake.

Nne, ionyesheni programu makao mapya. Kwa watumiaji wa VirtualBox, iondoeni kompyuta pepe ya zamani katika orodha, lakini angalieni sana: programu itauliza kama mnataka kufuta na mafaili yake. Jibu ni hapana. Kisha chomoeni diski ya zamani kwa utaratibu, mkaongeze ile iliyo katika diski mpya. Kwa watumiaji wa VMware, mkiulizwa kama mmehamisha au mmenakili, jibuni kuwa mmehamisha. Mkijibu kuwa mmenakili, kompyuta pepe hupewa utambulisho mpya, na programu yenye leseni huweza kukataa kufanya kazi.

Tano, fungueni vitabu na mlinganishe kila salio na karatasi mliyoichapisha. Hapo ndipo kazi inapokwisha, si pale kunakili kunapokoma.

Diski ya zamani isifutwe siku hiyo. Ikiwa bado nzima, ifungiwe mahali pakavu katika jengo jingine, ili moto au mwizi asichukue zote mbili. Wala isiazimwe mtu: ina majina na madeni ya wanachama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tuyalinde.

Ndugu zangu, kazi hii ifanywe na watu wawili, iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu, na ifanywe kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa. Mkulima akisimama mbele ya mzani, asiambiwe kwamba diski imekufa.