Kumfadhili Mtoto Si Kumnunua

 

Katika karne ya 19, watoto walioletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa waliuzwa Kilwa Kivinje. Wamisionari waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walitoa fedha kuwakomboa watoto watumwa.

Leo mtoto hana bei. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016. Hata hivyo sare, madaftari na chakula cha hosteli humshinda mvuvi ambaye kusi limemfungia bahari. Tukimfadhili mwanawe, tusijione tumempata kuwa wetu. Tusimdai picha na shukrani, wala tusifanye daftari kuwa chambo cha kumtoa katika dini ya wazazi wake. Kwanza tuwaendee wazazi hao kwa adabu, tusikilize neno lao; heshima yao mbele ya mtoto isipungue.

Bwana alimsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi wake. Hakumkabidhi kwa yeyote kuwa mali yake. Basi, katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tutoe kama walipao deni, si kama wanunuao. Amina.