Kombi, Kiwiko na Kisanduku: Mwanafunzi Mtafiti Ugenini Durban



Nimepewa dakika kumi za kuzungumzia tamaduni na utandawazi. Naomba nianzie ndani ya kombi, binamu yake daladala.

Wiki yangu ya kwanza hapa, mama mmoja aliyekaa kando yangu alinigeukia kwa Kizulu: "Sawubona, ndodana." Nikamjibu "Yebo," neno pekee nililokuwa nalo. Basi akafungua mazungumzo. Nilidaka maneno mawili matatu, amanzi, abantu, inyama, nikajiona nimefika nyumbani, nikacheka. Nilicheka pasipostahili. Alininyamazia kidogo, kisha akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Tanga, Tanzania. Akauhamishia mkoba wake paja la pili. Huenda ulikuwa unamwelemea tu.

Mjerumani tunayeishi naye bweni moja hupanda kombi hizo hizo. Yeye hasalimiwi kwa Kizulu. Siku aliposema "ngiyabonga", yaani asante, nusu ya gari ilimshangilia. Mimi sasa nina maneno mia na zaidi, na bado naulizwa kwa nini ni machache. Uso wangu umeshanijibia kabla sijafungua mdomo, na mdomo ukifunguka unakanusha.

Udugu wa lugha zetu ni wa kweli: kupika ni ukupheka, kuku ni inkukhu, ndovu ni indlovu. Una mitego pia. Jirani yangu aliniuliza kazi niliyoiacha nyumbani. Kwa kujiamini nikaigeuza "mfundishaji" kuwa "umfundisi". Kumbe huyo ni mchungaji wa kanisa! Tangu hapo, mimi niliyelelewa madrasa, naombwa kila Jumapili niwaombee wagonjwa.

Hilo linachekesha. Mei 2008 haikuchekesha. Vurugu dhidi ya wageni zilipoanzia Alexandra, Johannesburg, watu walisimamishwa na kuulizwa kiwiko cha mkono kinaitwaje kwa Kizulu. Asiyejua kusema "indololwane" alipigwa. Zaidi ya watu sitini waliuawa, wakiwemo wenyeji wa nchi hii hii ambao Kizulu si lugha yao ya kwanza. Aprili 2015 moto wa vurugu kama hizo ulifika hapa Durban. Wazungumzaji wa utandawazi hupenda kutaja intaneti na vyakula, na bunny chow ya Wahindi wa mji huu ni tamu kweli, lakini kiwiko hawakitaji.

Tena Durban haikuanza jana kupokea watu na kuwabandika majina. Agosti 1873 manowari ya Kiingereza ilishusha hapa watumwa waliokombolewa, na wengine wakafuata. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Kwa kuwa walipitia Zanzibar, jina la Zanzibar likawaganda, na hadi leo wanaitwa Wazanzibari. Walikaa Kings Rest, kwenye mwinuko wa Bluff, wakishika Uislamu wao na Kimakua chao. Serikali ya ubaguzi ikahangaika nao, ikiwabadilisha fungu baada ya fungu, mwisho ikawaandika "Waasia wengine" na kuwahamishia Chatsworth, mtaa uliotengwa kwa Wahindi. Mmakua kuwa Mwasia kwa muhuri wa karani!

Nalisema hili kwa sababu nami nina karani wangu, hojaji yangu. Tangu 2014 Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kinawataka wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza wajifunze Kizulu. Sisi wa uzamivu hatuguswi, ingawa ndio tunaobisha hodi majumbani mwa watu na karatasi mkononi. Kwa maoni yangu mambo yamepinduliwa. Tunamlipa mkalimani, naye anatuletea jibu limekwisha kuchujwa.

Hojaji yangu ilikuwa na visanduku vinne vya asili: Mwafrika, Chotara, Mhindi, Mzungu. Niliviiga kutoka fomu za nchi hii bila kufikiri. Huko Chatsworth mzee mmoja alivitazama vyote vinne, akaniomba kalamu, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: MMAKUA. Nilipoingiza majibu kwenye kompyuta, programu ya takwimu ilimhesabu kama mtu ambaye hakujibu. Nimeshauriwa nimwondoe. Mstari wake, namba 47, bado sijaufuta.