Kwetu
Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na walimu siku ya yubilei ya Dayosisi ya Masasi



Tumepewa neno moja tulieleze, nalo ni fupi: kwetu. Waarabu husema watan, na wako wenye elimu wapendao kulitia katika Kiswahili, watani. Lakini huku Kusini asemaye hivyo ataulizwa ni watani wa kabila gani, na watu watacheka kama wachekavyo msibani. Nchi nalo ni neno kubwa, lenye mipaka na kodi. Kwetu ni neno la namna nyingine.

Twaomba mwangalie jambo ambalo walimu wa sarufi hulipita upesi. Mtu akutwapo njiani peke yake, akaulizwa anakotoka kwa asili, hasemi "kwangu." Husema "kwetu," ingawa hana mke wala mwenzi wa safari. Kwangu ni nyumba, mlango na kitanda na kuku wawili. Mtu aweza kuijenga mwaka huu na kuihama mwaka ujao. Kwetu hapajengwi na mtu mmoja. Tena yule aulizaye hasemi "kwako wapi?" Husema "kwenu wapi?" na wale wengine hajapata kuwaona. Amekwisha kuwahesabu.

Basi iweje kwa mtu aliyeondolewa kwa wenzake hao?

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwachukua baadhi ya watu waliokombolewa, akashuka nao Lindi, wakaenda kwa miguu bara. Nia ilikuwa kufika Nyasa, lakini wakakaa hapa Masasi. Wako waliotwaliwa wangali watoto. Bibi mmoja wa ukoo wetu, kama tulivyosimuliwa nyumbani, alikumbuka mti mkubwa, na mto, na sauti ya mama yake ikimwita kwa jina ambalo baadaye hakuna aliyemwita tena. Jina la nchi hakulijua; mtoto mdogo ana haja gani nalo?

Wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa. Ni kweli juu ya mwenye kiburi aonaye haya kwa baba yake. Lakini tumeisikia mithali hiyo ikitupwa usoni pa wazao wa watu hawa, nasi twasema wazi kwamba hapo imewekwa kichwa chini, miguu juu. Hawakukataa kwao, walinyang'anywa.

Mwangalieni Padre Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akauzwa angali mtoto, akafundishwa Kiungani kule Unguja. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, katikati ya Wayao wenzake, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza wa misioni ile kuupata. Hapana shaka wako waliosema amerudi kwao. Lakini baada ya miaka ya kazi alirejea Unguja, alikolelewa. Wapi basi palikuwa kwao? Sisi hatuthubutu kumchagulia.

Mwaka 1882 Wagwangwara waliishambulia Masasi. Watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, wengine wakahamia Newala. Hata hivyo mahali hapa palikuwa pamekwisha kuwa na makaburi. Nasi twadhani hapo ndipo neno lilipoanza kuota mizizi. Ibrahimu naye aliiacha nchi yake, akakaa miaka mingi katika hema, mgeni. Shamba la Makpela alilinunua kwa shekeli 400, apate pa kumzika Sara.

Haya tumeyajua kwa kuchelewa. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukiandika majina ya watoto wa ubatizo, na katika daftari pana mahali pa kuandika kwao mtoto. Mmoja, mjukuu wa watu waliovuka Ruvuma katika vita vya Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964, alinyamaza. Mwenzake akasema, "Hawa ni watu wa kuja." Hatukumkemea. Tulikuwa na haraka, jua limepanda, tukaandika: Hana.

Jumapili ile bibi yake alikuja, akasimama mlangoni, hakutaka kiti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwalimu, nimezika watu wanne katika makaburi haya. Wa mwisho ulimwombea wewe. Umeandika nini juu ya mjukuu wangu?"

Tulilifungua daftari, tukamsomea, kwani yeye hakujua kusoma. Alinyamaza kitambo. Kisha akalitaja jina la kijiji, polepole, mara mbili, ili tusikosee. Tukalikata neno lile kwa wino, na juu yake tukaandika kama alivyotamka. Daftari lipo sakristia. Alama ya kukata yaonekana hata leo.