Mvua Ikikatika, Mlima Bado Haujatulia

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani walipokutana Mwitongo, Butiama)



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja lenye manufaa. Nimechagua kusema juu ya mlima baada ya mvua kubwa. Mtauliza, sisi watu wa ziwani mlima unatuhusu nini? Jibu ni kwamba shule ilitutawanya. Wako wenzetu waliojenga katika vilima vya Mwanza, wengine wanafanya kazi Mbeya, Same na Manyara.

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Miamba laini ilikuwa imenyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Tope, mawe na magogo yakafuata njia ya mto Jorodom hadi mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walifariki. Angalieni jambo hili: Katesh haiko juu ya mlima, iko chini yake. Kadhalika huko Bududa, Uganda, katika miteremko ya Mlima Elgon, tarehe 1 Machi 2010 udongo ulifukia hata kituo cha afya ambamo watu walikuwa wamejikinga mvua.

Wenzetu wa nchi za theluji, kama Uswisi, wana desturi inayofaa kuigwa. Dhoruba ikipita na jua likitoka, wao hawaharakishi kupanda. Wanajua kuwa siku moja au mbili za kwanza ni za hatari sana, kwa sababu mzigo mpya haujashikana na tabaka la chini. Basi huuliza maswali kwanza. Maswali hayo yanatufaa na sisi, ingawa kwetu kinachoporomoka ni udongo.

Kwanza, mzigo ni kiasi gani, na umekuja kwa muda gani? Mvua ya siku moja juu ya ardhi kavu si sawa na mvua hiyo hiyo juu ya ardhi iliyokwisha kushiba maji majuma mawili.

Pili, mzigo umekalia nini? Theluji huteleza juu ya tabaka dhaifu, hasa penye mteremko wa digrii 30 hadi 45. Udongo wetu huteleza juu ya mwamba au mfinyanzi ulioloa. Mteremko uliochimbwa ili kupata kiwanja, au uliofyekwa miti, umepoteza vishikizo vyake.

Tatu, mlima wenyewe unasema nini? Nyufa mpya ardhini, mti ulioanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na leo unakwama, chemchemi mahali ambapo haikuwapo. Na kijito kikipungua ghafla mvua ingali inanyesha, msifurahi. Huenda kimezibwa huko juu.

Nne, ukimeguka utapita wapi?

Dalili moja yatosha kuondoka. Nendeni pembeni, mbali na mkondo. Msikimbie kufuata bonde. Wala msirudi kuchukua magodoro kwa kuwa jua limewaka. Maji yaliyoingia ardhini huendelea kufanya kazi yake kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, baada ya mvua kukatika.

Najua ugumu wake. Shamba zuri liko huko huko mteremkoni, na kiwanja cha kando ya mto ndicho ambacho mtu alimudu bei yake. Hatuwezi kumwambia mtu "hama" kisha tukamwacha njiani. Kwa hiyo naomba sisi tuliosoma tuwe wa kwanza kuangalia, wa kwanza kuwaeleza viongozi wa kijiji au mtaa, na wa kwanza kufungua milango ya nyumba zetu usiku huo.

Mahali tulipokaa leo panaitwa Mwitongo, yaani mahame, penye mji wa zamani. Wazee walihama, na ukoo ukaendelea. Kuhama usiku mmoja si aibu.