MARUBANI WANAPOSTAAFU NA NDEGE ZINAPOEGESHWA



Maoni yetu ya leo yanahusu usafiri wa anga. Huenda askari aliyeko lindoni Moroto au Kasese akajiuliza jambo hilo linamhusu nini, ilhali yeye safari zake nyingi huzifanya kwa lori. Linamhusu. Tangu mwezi Machi 2007, vikosi vya Uganda vilipoanza kwenda Mogadishu, maelfu ya askari wetu wamepanda ndege katika uwanja wa Entebbe. Askari apandaye ndege kwa amri haulizi ndege hiyo ina umri gani, wala rubani wake amelala saa ngapi. Hana budi kuamini kwamba yuko mtu mwingine aliyekwisha kuuliza maswali hayo kwa niaba yake.

Kwa miaka kadhaa sasa mashirika ya ndege duniani yamekuwa yakilalamika kwamba marubani hawatoshi. Sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na mambo ya mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege. Shirika la Uingereza, British Airways, liliziondoa kazini Boeing 747 zake zote mwezi Julai mwaka huo, na Delta ya Marekani ikaziaga Boeing 777 zake miezi michache baadaye. Pamoja na ndege hizo kuukuu waliondoka watu. Marubani waliokaribia umri wa kustaafu walipewa malipo ya mkupuo, wakashukuriwa, wakaenda zao. Kwa mhasibu aliyetazama ndege zimelala bila abiria, hesabu hiyo ilikuwa ya busara. Abiria waliporejea kwa wingi mwaka 2022, ndege mpya ziliweza kuagizwa, ingawa kwa kuchelewa. Rubani mkuu mwenye uzoefu wa miaka 25 hakuwa na kiwanda cha kuagizwa.

Juu ya hayo iko sheria ya umri. Hadi mwezi Novemba 2006 sheria ya kimataifa ilimtaka rubani mkuu wa ndege ya abiria aache kuruka afikapo miaka 60. Baada ya hapo, kwa ndege zenye marubani wawili, umri ukapandishwa hadi miaka 65. Mwaka 2025 mashirika ya ndege yalitaka uongezwe tena hadi miaka 67, lakini pendekezo hilo halikukubaliwa katika mkutano mkuu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga uliofanyika Montreal. Kwa maoni yetu, kukataliwa huko si msiba. Miaka 2 ingeahirisha tatizo, isingeliondoa. Zaidi ya hayo, siku ya kustaafu ya rubani hujulikana tangu siku anayoajiriwa. Jambo linalojulikana miaka 30 kabla halifai kuitwa dharura linapofika.

Ninyi wasikilizaji wetu mnaijua vizuri hesabu ya zamu, pengine kuliko mawaziri. Lindo moja linalokesha usiku na mchana halihitaji askari mmoja. Linahitaji wa kupokezana, wa kushika nafasi ya mgonjwa, na wa kushika nafasi ya aliye likizoni. Ndege ni vivyo hivyo. Ndege kubwa ikiruka saa 14 kwa siku, katika siku 28 inatimiza saa 392. Katika nchi nyingi rubani haruhusiwi kuzidisha saa 100 za urukaji kwa muda huo. Basi marubani wakuu 4 wanatumika hadi ukomo wao kwa ndege moja tu, kabla hujahesabu anayeumwa, aliye likizoni, na aliyekwenda kupimwa katika mtambo wa kuigizia urukaji. Tena kila rubani mkuu lazima awe na rubani msaidizi ubavuni, na safari ikiwa ndefu sana huongezwa wa tatu. Shirika lenye ndege 2 kubwa na marubani wa kutosha ndege moja, kwa kweli lina ndege moja. Nyingine ni mapambo ya uwanja.

Na rubani huyo hapatikani kwa mwaka mmoja. Leseni ya kwanza ya kurusha ndege kwa malipo hudai kiasi cha saa 200 angani. Leseni ya juu, ile ya rubani mkuu wa shirika, hudai saa 1,500. Baada ya hapo kuna mafunzo ya aina maalumu ya ndege, maana aliyezoea ndege ndogo ya jeti hawezi kuhamia Airbus kubwa kama dereva anavyohama kutoka Land Rover hadi lori. Kwa kawaida miaka 10 au zaidi hupita kabla kijana hajakabidhiwa ndege kubwa. Jeshi linaelewa jambo hili. Hakuna amiri jeshi anayetarajia kumpata kamanda wa brigedi kwa kutangaza nafasi gazetini.

Sasa tuitazame Uganda. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililokuwa mali ya nchi tatu, lilivunjika mwanzoni mwa mwaka 1977. Kila nchi ikaenda na chake. Kwetu lilikuwa limekwisha kuundwa Shirika la Ndege la Uganda mwaka 1976, nalo likategemea hasa Boeing 707 kwa safari za mbali. Ndege hizo zilikuwa imara, lakini zilikuwa za kizazi kilichopita. Zilikunywa mafuta mengi, zilipiga kelele zilizochukiwa na viwanja vya Ulaya na Marekani, na katika chumba cha usukani zilihitaji mhandisi wa ndege mbali na marubani wawili.

Tarehe 17 Oktoba 1988 mojawapo ya ndege hizo, ikitoka London kuja Entebbe kwa kupitia Roma, ilikuta ukungu mzito katika uwanja wa Fiumicino. Marubani walijaribu kutua mara mbili, wakashindwa. Katika jaribio la tatu ndege ilishuka chini ya kiwango kabla hawajaiona njia ya kutulia, ikagonga jengo na kuanguka. Kati ya watu 52 waliokuwamo, 33 walikufa. Ndege ile ilikuwa na umri wa miaka kama 20, na wengi waliosikia habari walilaumu uzee wake. Wachunguzi wa Italia walisema vingine. Walikuta kwamba wafanyakazi wa ndege hawakuwa wamejiandaa vya kutosha kwa utuaji wa namna ile katika ukungu, wala hawakutajiana urefu kutoka ardhini kama inavyotakiwa. Hatusemi hayo kuwadharau marehemu. Tunasema kwamba mtu aliyechoka, au asiyepewa mazoezi ya kutosha, ni hatari katika ndege mpya kama alivyo hatari katika ndege kuukuu.

Hata hivyo chuma nacho huzeeka, na hapa askari asikilize kwa makini. Tarehe 9 Machi 2009 ndege ya mizigo aina ya Ilyushin 76, iliyokuwa ikihudumia kikosi cha Umoja wa Afrika huko Mogadishu, iliruka Entebbe kabla ya mapambazuko. Mara ikashika moto, ikaanguka katika Ziwa Viktoria. Watu wote 11 waliokuwamo walikufa, miongoni mwao maafisa wa jeshi la Burundi. Uchunguzi ulieleza kwamba injini zote 4 zilikuwa zimepitisha muda wake wa matumizi, na madai ya mwenye ndege kwamba zilitengenezwa na kuongezewa muda hayakuweza kuthibitishwa kwa hati yoyote. Injini haina aibu ya kuonyesha umri. Umri wake umo ndani ya kitabu cha kumbukumbu, na kitabu hicho hudai fundi wa kukijaza kwa uaminifu na mkaguzi wa kukisoma.

Mkaguzi huyo naye ni mtu, na watu wa kazi hiyo ni haba kuliko marubani. Mwezi Juni 2014 Uganda ilionja matokeo yake. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga walipokuja, walikuta kasoro kubwa katika namna nchi yetu ilivyotoa vyeti kwa mashirika ya ndege. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikalazimika kuvifuta vyeti vya mashirika matatu kwa siku moja: Air Uganda, Uganda Air Cargo na Transafrik. Angalieni vizuri. Hapakuwa na ndege iliyoanguka. Air Uganda, iliyoanza kazi mwaka 2007 na kuwapeleka Waganda Nairobi, Juba na kwingineko, haikurudi tena angani. Wafanyakazi wake walirudi nyumbani kwa sababu ya upungufu ambao haukuwa wao.

Kwa miaka 5 baada ya hapo bendera yetu haikuonekana katika safari za abiria za nje, mpaka tarehe 28 Agosti 2019 Shirika la Ndege la Uganda lilipofufuliwa na kuanza na safari ya Nairobi. Serikali ilinunua ndege 4 aina ya CRJ900, kisha Airbus A330-800 mbili, zilizofika mwezi Desemba 2020 na mwezi Februari 2021. Marubani kadhaa wa Kiganda waliokuwa wakitumikia mashirika ya nje walirudi kulitumikia taifa, nao wanastahili heshima. Lakini safari ya Dubai ya Airbus ilianza mwezi Oktoba 2021, miezi mingi baada ya ndege kuwasili. Korona ilichangia, na vyeti na mafunzo pia vilichukua wakati wake. Ndege ilikuwa imekwisha kulipiwa, nayo imekaa.

Wako wanaodhani kwamba ndege mpya ni kinga. Majirani zetu wanaweza kutueleza. Mwaka 2022 Airbus A220 za Air Tanzania ziliegeshwa kwa matatizo ya injini, na mwaka 2025 Kenya Airways iliegesha Boeing 787 tatu kwa kukosa injini na vipuri. Hizo si ndege za zamani. CRJ zetu nazo zimeachwa kutengenezwa kiwandani tangu mwaka 2021, na ndege isiyotengenezwa tena hufuatwa na vipuri vya taabu. Kwa hiyo mwananchi akiona ndege imesimama Entebbe asikimbilie kulaani. Ndege iliyosimamishwa na fundi aliyekataa kutia sahihi ni kazi iliyofanywa vizuri, na fundi huyo asiitwe mkorofi, hata akitajwa na mkubwa.

Lawama yetu iko kwingine. Tumekuwa wepesi wa kununua na wazito wa kulea. Tunacho chuo cha urubani cha Soroti, kilichofunguliwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya kwanza, kikabaki kwetu Jumuiya ilipovunjika. Vijana wa nchi hizi tatu walijifunza hapo kwa ndege ndogo. Chuo hicho kinahitaji ndege zinazoruka, walimu wanaolipwa vizuri kiasi cha kutotamani kuhama, na njia iliyo wazi ya kumtoa kijana Soroti hadi kiti cha rubani msaidizi. Bila hiyo njia, kijana mwenye saa 200 hukaa Kampala na leseni yake mfukoni, huku shirika likitafuta mgeni mwenye saa 5,000.

Wengine wamependekeza vijana wanaosomeshwa na Serikali wafungwe kwa mkataba wa miaka kadhaa, wasikimbilie Ghuba mara wanapohitimu. Hilo ni haki, maana fedha ni za umma. Askari aliyesomeshwa na jeshi hatoroki siku anayopata cheti. Lakini mkataba humshika kijana. Haumshiki rubani mkuu wa miaka 45 mwenye watoto shuleni, anayejua bei yake Dubai na Doha. Huyo hushikwa na mshahara unaolipwa kwa wakati, na ratiba inayomwachia siku za kupumzika.

Kijana mwenye miaka 20 atakayeingia Soroti mwaka huu, akifanikiwa katika kila hatua, anaweza kukabidhiwa Airbus ya taifa baada ya miaka kama 12. Rubani mwenye miaka 53 anayeirusha leo atakuwa anatimiza 65 mwaka huo huo.