Hotuba Juu ya Kupimwa kwa Mtoto wa Jicho
Iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka, Mbaraki



Twaomba radhi kusema mbele ya waliotutangulia kuliona jua. Mzee mmoja wetu alikuwa akiuona Mnara wa Mbaraki tangu utotoni, kisha ukawa kama umo ndani ya moshi. Akasema, "Ni mtoto wa jicho, nangoja aive." Alipopelekwa kupimwa, jicho la kulia lilikuwa na mtoto kweli, likapasuliwa, likaona. La kushoto lilikwisha kuharibiwa na presha ya jicho, na nuru yake haikurudi.

Basi tabibu hupimaje? Kwanza, mgonjwa hukaa mita 6 mbele ya ubao wa herufi, na kila jicho hupimwa peke yake. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E zilizogeuzwa huku na huku, naye huashiria kwa mkono zilikoelekea. Mwenye 6/60 huona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 60. Shirika la Afya Duniani humhesabu kipofu yule ambaye jicho lake lililo bora halifikii 3/60.

Pili, jicho humulikwa kwa kurunzi. Mboni isiposinyaa sawasawa, huenda ubaya uko nyuma, kwenye mshipa wa fahamu. Tatu, hupimwa presha ya jicho. Nne, hutiwa dawa ya kupanua mboni, na kioo cha ndani huangaliwa kwa darubini yenye mwale mwembamba wa taa, ili ukungu ujulikane umekaa wapi na kwa kiasi gani. Mwisho mgonjwa huulizwa: je, waweza kuhesabu fedha, kushuka ngazi, kuzitambua nyuso? Majibu hayo yana uzito kama ule wa ubao.

Wazee wetu, siku hizi kioo kilichochafuka huondolewa na lenzi ndogo ikawekwa mahali pake, kazi aliyoianza Daktari Harold Ridley huko London mwaka 1949. Kungoja mpaka aive si lazima tena. Mtoto wa jicho aweza kungoja. Presha haingoji, na mtu nyumbani hawezi kuzipambanua.

Kwa hiyo twawasihi vijana wawashike wazee mkono, wawapeleke kliniki ya macho katika Hospitali Kuu ya Pwani, hapa hapa kisiwani.